Maji yaleyale hayahesabiwi mara mbili: kuiga kwa kompyuta mipasuko mingi ya matuta ya mto

Chukua mto unaopitisha mita za ujazo 600 kwa sekunde kati ya matuta mawili. Kina cha maji ni mita 5 na maji yanalamba mgongo wa tuta. Tuta la kaskazini linapasuka, na mpasuko unapanuka hadi mita 50. Mambo yakitulia kidogo, maji yanapita hapo yakiwa mita 1.5 juu ya sakafu ya mpasuko. Programu nyingi hukokotoa mtiririko huo kwa mlinganyo wa weya, yaani kizingiti ambacho maji hupita juu yake: kigawo C, mara upana, mara kimo kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Ukiweka C ya 1.44 unapata takriban mita za ujazo 132 kwa sekunde, na mto unabaki na 468. Katika mto mpana, kina hubadilika kwa karibu kipeo cha 0.6 cha mtiririko. Kwa hiyo, chini ya mpasuko, kina kinashuka kutoka mita 5 hadi mita 4.3 hivi.

Hizo ni sentimita 70, na zinabadilisha hesabu yote. Ikiwa kilomita nne mbele kuna mahali dhaifu palipokuwa karibu kufurikiwa, sasa pamepona, angalau kwa muda. Anayeiga kila mpasuko peke yake, kisha akazipandanisha ramani mbili kana kwamba yote yalitokea usiku mmoja, ametumia maji yaleyale mara mbili. Ramani yake itatisha kwelikweli, ila hakuna mto unaoweza kuileta.

Wamarekani waliwahi kulitumia jambo hili kwa makusudi. Tarehe 2 Mei 2011, mito ya Mississippi na Ohio ikiwa imejaa, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kililipua tuta la Birds Point, Missouri, ili kuunusuru mji wa Cairo, Illinois, ulio kwenye makutano ya mito hiyo. Maji yakamwagika kwenye mashamba ya New Madrid, zaidi ya hekta 50,000, na kimo cha mto pale Cairo kikaanza kushuka. Siku zilizofuata zikalipuliwa sehemu nyingine upande wa chini ili maji yaliyoingia yapate njia ya kurudi mtoni. Modeli ya mipasuko mingi ina kazi hizo mbili: kuonyesha jinsi mpasuko mmoja unavyompunguzia mwenzake mzigo, na jinsi maji yaliyotokea juu yanavyorudi chini. Isipoonyesha hayo ni picha tu.

Afrika Mashariki, mahali panapofaa kujifunzia ni Budalang'i, kaunti ya Busia nchini Kenya. Mto Nzoia hukusanya maji ya vilima vya Cherangani na ya Mlima Elgon, na kabla ya kuingia Ziwa Viktoria hupita kwenye uwanda tambarare, umebanwa na matuta kaskazini na kusini. Matuta hayo, ambayo wengi huyaita daiki, yalipasuka mwaka 2003, yakapasuka 2008, yakapasuka tena 2011. Kuiga mahali kama hapo si rahisi. Mgongo wa tuta hauko sawa kote, ziwa linayazuia maji yasitoke haraka, na nyuma ya tuta kuna mashamba ya mpunga, mifereji na barabara zilizoinuliwa ambazo ndizo huamua maji yaelekee wapi.

Tuta moja, vipande vingi

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni HEC-RAS, inayotengenezwa na kikosi kilekile kilicholipua Birds Point, kupitia kituo chake cha Davis, California. Hutolewa bure. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inaweza kuunganisha mto wa mwelekeo mmoja, unaohesabiwa kwa mikato ya mto (umbo la mto kutoka ukingo hadi ukingo), na uwanda wa mielekeo miwili, unaohesabiwa kwa wavu wa seli, yaani visanduku vidogo vya ardhi. Kwa mto uliobanwa na matuta, mpangilio huo unatosha kabisa: mto katikati, eneo moja la seli kaskazini, jingine kusini, na kati yao tuta lililoingizwa kama muundo wa kando (lateral structure).

Hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Muundo mmoja wa kando hukubali mpasuko mmoja tu. Ukilichora tuta zima la kilomita 12 kama muundo mmoja, utapata nafasi ya kuweka mpasuko mmoja, na ule wa pili hutaona pa kuuandika. Dawa ni kulikata tuta vipande vya mita 500 hadi 1,000, kila mahali dhaifu pakae karibu na katikati ya kipande chake. Kimo cha mgongo mwishoni mwa kipande kilingane na kimo mwanzoni mwa kipande kinachofuata. Vipande visipandane wala visiachane. Pengo la mita 3 lisiloonekana kwenye skrini linaweza kuacha njia ambayo tuta halisi halina.

Mikato ya mto nayo iwe karibu karibu. Programu hukadiria kimo cha maji kando ya tuta kwa kuunganisha mkato mmoja na mwingine. Mikato ikiwa mita 800 mbalimbali, ule mshuko wa maji unaotokea mbele ya mpasuko hautaonekana, na hapo umeipoteza sababu yenyewe ya kujenga modeli. Weka mkato kila mita 100 hadi 150 kwenye sehemu zinazotarajiwa kupasuka.

Kigawo cha weya nacho huleta makosa. Kuna vigawo viwili na kila kimoja kina mahali pake. Cha kwanza ni cha maji yanayofurika juu ya tuta zima: kwa tuta lililoinuka zaidi ya mita moja, mwongozo wa HEC-RAS hupendekeza takriban 0.83 hadi 1.43 kwa vipimo vya metriki, na 1.1 kama mahali pa kuanzia. Cha pili ni cha maji yanayopita ndani ya mpasuko, na hapo 1.44 hutumika sana. Ukiona mtu ameandika 2.6, huenda hajakosea: hiyo ni 1.44 ileile kwa futi. Kosa ni kuiandika 2.6 kwenye mradi wa mita. Mpasuko wako utapitisha karibu maradufu ya maji yake, na programu haitalalamika.

Mpasuko una umbo gani

Kila mpasuko unahitaji mahali pa katikati, upana wa mwisho wa sakafu, kimo cha sakafu hiyo, mteremko wa kuta, muda wa kupanuka, na namna ya kupasuka. Namna ni mbili: maji kufurika juu ya mgongo na kuula kutoka juu, au maji kutoboa ndani kwa ndani mpaka paa la tundu lidondoke. Kwa namna ya pili programu huuliza pia kimo ambacho tundu linaanzia na kigawo chake, ambacho kwa kawaida ni 0.5 hadi 0.6.

Usikimbilie milinganyo ya mabwawa. Milinganyo ya Froehlich, na ile ya MacDonald na Langridge-Monopolis, ilitokana na mabwawa yaliyobomoka, na bwawa lina maji ya kiasi: likishaisha, mpasuko unaacha kupanuka. Mto hauishi. Unaendelea kuleta maji kwa siku kadhaa, na mpasuko unaendelea kujila pembeni maadamu kuna tofauti ya kimo cha maji kati ya mtoni na nyuma ya tuta. Kwenye mfereji wa 17th Street mjini New Orleans, katika kimbunga Katrina mwaka 2005, sehemu moja iliyobomoka ilikuwa na upana wa takriban mita 140, ingawa ukuta wenyewe haukuwa wa kimo kikubwa.

Kinachosaidia zaidi ni kupima mipasuko ya zamani ya mto uleule. Tuta lililokwisha kupasuka na kuzibwa huacha alama: pinda kidogo kwenye mstari wake, au dimbwi la mviringo nyuma yake ambako maji yalichimba. Vyote viwili huonekana kwenye picha za setilaiti. Pima upana, chukua wa kati kwa tukio la kawaida na ule mkubwa kabisa kwa tukio baya.

Watu hupoteza siku nzima wakibishana kama mpasuko ufunguke kwa saa moja au tatu. Kwa tuta la mto mabishano hayo hayana uzito mkubwa. Mpasuko unaopitisha mita za ujazo 132 kwa sekunde humwaga takriban mita za ujazo 475,000 kwa saa, yaani kina cha mita 1 juu ya hekta 47 au 48. Kwa siku nzima ni zaidi ya hekta 1,100. Furiko likidumu siku tano, saa mbili za mwanzo hazibadilishi picha ya mwisho. Upana wa mpasuko na kimo cha sakafu yake ndivyo vinavyoibadilisha. Muda wa kupanuka una maana kubwa mahali pamoja tu: kwa nyumba zilizo ndani ya kilomita moja au mbili kutoka mpasuko, ambako swali ni dakika ngapi zipo za kutoka.

Sakafu ya mpasuko isishuke chini ya ardhi iliyo nyuma ya tuta. Ukiiandika chini zaidi, programu itakataa au itatoa mtiririko usio na msingi. Mpasuko halisi huchimba shimo kubwa mlangoni mwake, ni kweli, lakini modeli hii haichimbi ardhi. Kama unataka shimo hilo, lichonge kwenye ramani ya mwinuko kabla ya kuanza.

Saa au kimo?

Programu inakuuliza mpasuko uanze lini, na inakupa njia tatu: kwa saa uliyoipanga, kwa kimo cha maji, au kwa kimo kilichodumu muda fulani. Chaguo hili ndilo linalotenganisha modeli ya mipasuko mingi na rundo la modeli za mpasuko mmoja.

Ukipanga kwa saa, umeshaamua jibu. Mpasuko wa pili utafunguka saa nane usiku hata kama ule wa kwanza umekwisha kuushusha mto sentimita 70. Njia ya saa inafaa kwa kazi moja: kurudia tukio lililokwisha kutokea, ambalo saa zake zinajulikana. Kwa utabiri na mipango, tumia kimo. Hapo mto wenyewe ndio unaochagua nani apasuke na kwa mpangilio upi, na mara nyingi utashangaa kuona kwamba kati ya mahali sita ulipodhani ni hatari, mawili tu ndiyo yamefunguka.

Kwa kufurika, weka kimo cha kuanza juu kidogo ya mgongo, sentimita 10 hadi 30, na kidumu angalau nusu saa. Tuta lenye nyasi nzuri halibomoki kwa wimbi moja. Kwa kutoboka, kimo kinaweza kuwa chini ya mgongo hata kwa mita nzima, na hapa ndipo siri ya tuta chakavu ilipo. Mahali pa mashimo ya wanyama, mapito ya ng'ombe, au bomba la zamani lililopita chini ya tuta, huweza kupasuka wakati kila mtu anaangalia mgongo wa tuta na kusema bado kuna nafasi. Hakikisha pia sharti hilo linasoma kimo cha upande gani. Likisoma upande wa mto peke yake, maji yaliyojaa nyuma ya tuta la chini na kulisukuma kutoka ndani hayataliamsha hata yakifika juu. Jaribu kwanza kwenye modeli ndogo ya kuchezea, kipande kimoja na seli chache. Itakuchukua nusu saa.

Ardhi ndiyo inayodanganya

Ramani za mwinuko za bure zina ukubwa wa seli wa mita 30 hivi. SRTM, ya Wamarekani, ilipimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Copernicus, ya Ulaya, ya mita 30 ilitokana na rada za miaka ya 2010. Mgongo wa tuta una upana wa mita 3 au 4. Ndani ya seli ya mita 30 umezama, na kimo chake kimechanganywa na cha shamba. Tena ramani zote mbili hupima sehemu ya juu ya kilichopo, yawe mafunjo au miti au paa, na makosa yao ya wima ni ya mita, wakati wewe unatafuta sentimita. Kwa mgongo wa tuta hakuna njia ya mkato: utembewe na kifaa cha GNSS (kinachopima mahali kwa setilaiti) cha usahihi wa sentimita, nukta kila mita 20 hadi 50, na nukta ya ziada kila mahali palipobonyea. Nyuma ya tuta, droni au laida (upimaji wa leza kutoka angani) ikiwa fedha zipo.

Vipimo vyote viwe na sifuri moja. SRTM huhesabu kutoka EGM96, Copernicus kutoka EGM2008, ambazo ni makadirio mawili tofauti ya usawa wa bahari; kipimo cha kituo cha mto huwa na sifuri yake ya pale pale, na kimo cha ziwa kina rula yake pale Jinja. Mkosano wa nusu mita kati yao unatosha kupasua tuta zima, au kuliokoa, kwenye kompyuta tu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni tuta kuwepo mara mbili. Ukichora mpaka wa eneo la seli juu ya mgongo wa tuta, seli za ukingoni zinabeba mgongo huo ndani yake, na wakati huohuo tuta limeingizwa kama muundo wa kando. Mpasuko unafunguka, jedwali linasema umefunguka, lakini maji hayapiti, kwa sababu nyuma ya mlango ulio wazi kuna ukuta wa ardhi uliobaki. Mpaka wa eneo uwe kwenye mguu wa tuta, upande wa mashamba.

Ukiamua kuweka mto wenyewe pia ndani ya wavu, shida hugeuka: tuta linavuja. HEC-RAS husoma ardhi kwenye kingo za seli. Mgongo wa tuta ukipita katikati ya seli, programu inaona seli moja yenye ujazo mmoja, na maji yaliyoko upande wa mto yanaonekana upande wa shamba bila kupanda popote. Chora mstari wa mkato (breakline) juu ya mgongo ili kingo za seli zilazimike kukaa hapo, na ufanye hivyohivyo kwa barabara zilizoinuliwa na kingo za mifereji ya mpunga. Makalvati yaliyo chini ya barabara hizo usiyasahau. Bila hayo barabara inakuwa bwawa.

Hatua za muda na maji yanayotetemeka

Programu huhesabu kwa vipande vidogo vya muda, yaani hatua, na kanuni yake ni rahisi: kasi ya maji mara hatua ya muda isizidi upana wa seli kwa mbali, na karibu na mpasuko iwe sawa nao au chini. Seli za mita 20 na kasi ya mita 3 kwa sekunde zinataka sekunde 6 au 7; weka 5. Mbali na mipasuko seli za mita 50 hadi 100 zinatosha.

Ugonjwa wa kuhofia hapa ni mtetemo. Maji ya ndani yakikaribia kulingana na ya mtoni, mtiririko kwenye mpasuko unaanza kugeuka kila hatua: unatoka, unaingia, unatoka. Kwenye grafu huonekana kama meno ya msumeno. Punguza hatua ya muda kwanza. Isiposaidia, ruhusu marudio kadhaa ya hesabu kati ya mto na eneo la seli, kisha ongeza kipengele cha uthabiti cha muundo wa kando, ambacho huenda kutoka 1 hadi 3. Usitibu msumeno kwa kupunguza kigawo cha weya kabla ya kujaribu hayo, maana utakuwa umeubadilisha mto ili grafu ipendeze. Mwishoni angalia kosa la ujazo, yaani maji ambayo hesabu imeyapoteza au kuyazua: likizidi asilimia 1, rudi nyuma.

Upande wa chini, mpaka ni kimo cha ziwa, na si mteremko wa kubuni. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kuivunja rekodi ya 1964. Katika hali hiyo maji ya Nzoia hayatoki kwa kasi ileile, na matuta ya kilomita za mwisho yanabeba kimo kikubwa hata mto ukileta maji ya wastani. Endesha modeli kwa ziwa la kawaida, kisha kwa ziwa lililojaa. Maji yanayorudi mtoni kupitia mpasuko wa chini yanaweza kuzimika kabisa kwa ziwa lililojaa, na mashamba yakakaa chini ya maji kwa wiki badala ya siku.

Ngapi zinatosha

Mahali dhaifu sita zina michanganyiko 63 ya kupasuka, na zote zikipasuka zinaweza kufuatana kwa njia 720. Hakuna anayeendesha zote. Kwa kuwa umetumia kimo badala ya saa, mpangilio hutoka wenyewe. Unachobadilisha ni uimara wa kila mahali, yaani kimo cha kuanza. Kibadilishe kwa bahati nasibu ndani ya mipaka inayoaminika, kisha rudia. Modeli inayochukua dakika 40 ikirudiwa mara 200 inakula siku tano na nusu, kwa hiyo anza na seli kubwa, tafuta michanganyiko inayojirudia, halafu iendeshe hiyo michache kwa seli ndogo. Okoa muda pia kwa kuhifadhi hali ya mto saa moja kabla ya mpasuko wa kwanza kabisa, ili kila jaribio lianzie hapo badala ya kuujaza mto upya.

Ukitaka kuoanisha modeli na tukio halisi, rada ya setilaiti za Sentinel-1 huona kupitia mawingu, lakini setilaiti moja hurudi mahali palepale kila siku 12, na kilele cha furiko kinaweza kupita katikati. Mashamba ya mpunga yaliyonyweshwa yanaonekana kama furiko hata mto ukiwa umelala. Alama za matope kwenye kuta za shule, zikipimwa kwa kifaa kilekile kilichopima tuta, zina thamani kuliko picha kumi.

Ramani ya kupeleka kwa wenyeji iwe ya mchanganyiko mmoja kwa kila karatasi, na kwenye kila karatasi iandikwe mpasuko upi ulifunguka, saa ngapi baada ya mto kuvuka alama ipi kwenye kituo cha kupimia, na upande upi ulibaki mkavu. Ramani ya kina kikubwa kabisa cha michanganyiko yote inafaa kuchagua mahali pa kujenga makimbilio, mradi isiitwe furiko. Na jiandae kwa swali ambalo lazima litaulizwa mkutanoni, kwa sababu jibu liko wazi kwenye karatasi zako: kama upande wa kaskazini ukipasuka kusini kunapona, nani ataamua ni upande upi uimarishwe kwanza?